"Uchunguzi umeshafanyika, mama": uchunguzi wa nani? Uzi kuhusu inkwesti na vifo vyenye utata

Wakuu, habari za jioni. Huku Uyole mvua haijakatika tangu saa nane na umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo naandika haraka kabla haujaondoka tena. Jambo lenyewe nimelibeba tangu mwaka juzi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mbeya. Si wakili. Ni hawa tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: tunakaa na watu kwenye benchi, tunawasomea karatasi zao, tunawaandikia barua na kuwaonyesha mlango wa kugonga. Ardhi, mirathi na matunzo ya watoto ndiyo kazi yetu ya kila siku. Ila kuna neno moja limewaumiza watu wengi mbele ya macho yangu, nalo ni hili "uchunguzi".

Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Rungwe. Mwanawe wa miaka 24, dereva wa bodaboda, alikutwa alfajiri kwenye mtaro kando ya lami, pikipiki imelala kwenye nyasi na helmeti iko pembeni. Alikuwa ameshazikwa miezi minne. Mama akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, wino wa bluu umechujuka kwenye mikunjo. Ilikuwa nakala ya ripoti ya daktari. Sehemu ya chanzo cha kifo iliandikwa kwa Kiingereza, maneno matatu tu, maana yake jeraha kubwa la kichwa. Nikamsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Hilo nililiona mwenyewe kule mochwari. Mimi nauliza alipigwa au alianguka. Hapo hawajasema?"

Hawakusema. Nikamuuliza amefuatilia wapi na wapi. Kituoni waliambiwa uchunguzi umeshafanyika. Hospitali wakaambiwa umeshafanyika. Kwa mtendaji wa kata, hivyo hivyo. Watu watatu walitoa jibu moja, na kila mmoja alisema kweli kwa upande wake. Daktari alikuwa ameuchunguza mwili. Askari alikuwa amefika eneo la tukio, akachora ramani, akachukua maelezo ya watu wawili na kufungua jalada. Mtendaji alikuwa ameziona karatasi. Lakini kile alichokidhani mama, kwamba kuna mtu mwenye mamlaka aliyeketi, akaita mashahidi, akawaapisha na kutamka hadharani kijana huyu alikufaje, hicho hakikuwahi kufanyika hata kwa saa moja.

Ndipo nilipoona ugonjwa uko kwenye neno. Kiswahili chetu ni kipana, lakini hapa tumelitwika neno moja mizigo mitatu.

Kazi ya polisi jina lake ni upelelezi. Polisi wenyewe wakitoa taarifa kwa waandishi husema "uchunguzi wa tukio hili unaendelea", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Upelelezi unatafuta kama kuna kosa na nani kalitenda. Haufanyiki hadharani, na ndugu wa marehemu hakai mezani kuuliza maswali.

Kazi ya daktari ni uchunguzi wa maiti, wengine tunaita posti-motemu. Anatazama mwili nje na ndani, na ikibidi anachukua sampuli zinazopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Kazi hii nayo ina mpaka wake.

Halafu kuna ya tatu, ambayo watu wengi hawajawahi hata kuisikia: inkwesti. Sheria yake ipo tangu 1980, ni Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24. Sasa tazameni jina hilo: uchunguzi wa vifo. Ukilisikia haraka haraka utadhani linahusu daktari. Ni shughuli ya kimahakama. Anayeiendesha anaitwa korona, na kwetu kazi hiyo huangukia mikononi mwa hakimu.

Neno korona nalo lina mtego wake. Yule mama nilipomwambia "tutaandika barua kwa korona" alishtuka, akaniuliza, "Kwani mwanangu alikuwa na korona?" Hakukosea kuuliza. Ugonjwa wa 2020 uliliteka neno lote. Asili ya yote mawili ni moja, neno la Kilatini lenye maana ya taji. Kirusi kiliitwa hivyo kwa sababu chini ya hadubini kinaonekana kama kimevaa taji. Ofisa huyu aliitwa hivyo kwa sababu Uingereza, tangu 1194, alikuwa akilinda maslahi ya taji la mfalme, na mtu akifa kwa ghafla au kwa jeuri kulikuwa na mali na faini ambazo mfalme alizitaka. Cheo kikasafiri na ukoloni hadi kikafika kwetu. Siku hizi mbele ya wananchi nasema "hakimu wa uchunguzi wa kifo". Ni maneno mengi, lakini hakuna anayeshtuka.

Mbele ya korona hakuna mshtakiwa. Wengi hawaamini hili mpaka waone kizimba kitupu. Maswali yake ni machache na yanajulikana: aliyekufa ni nani, alikufa lini, wapi, kwa namna gani. Hatafuti wa kumfunga. Mashahidi wanaapa na kuhojiwa, daktari anakuja kuieleza ripoti yake kwa mdomo, askari anaeleza alichokikuta. Akimaliza, korona anaandika alichokiona. Ikitokea mtu ameshashtakiwa kwa kuua, inkwesti husimama, kwa sababu swali sasa limehamia kwenye kesi ya jinai.

Ni vifo gani? Si kila kifo. Mzee wa miaka 90 aliyeugua na kutibiwa mpaka mwisho hahitaji haya. Ni kifo cha ghafla kisichojulikana sababu, kifo cha jeuri, ajali, kujinyonga, sumu, mwili uliookotwa. Na kifo cha mtu aliye mikononi mwa dola, mahabusu au gerezani. Hiki cha mwisho naomba kila anayesoma akishike sana, kwa sababu hapo aliyemshikilia marehemu ndiye huyo huyo mwenye taarifa zote za siku zake za mwisho. Akichunguza peke yake, ndugu watalala na maswali.

Isitoshe, sisi watu wa nyanda hizi si wageni wa jambo hili. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimpasua marehemu kifo chake kikitiliwa shaka, watu wanashuhudia, wanatazama tumboni kama kuna dalili ya uchawi. Majibu yao siyakubali, na nimeona familia zilizosambaratika kwa kutafuta mchawi pale ambapo palikuwa na presha au malaria. Ila kiu ile naiheshimu. Walitaka kujua, na walitaka kujua mbele ya watu, si kunong'onezwa mlangoni.

Kwa hiyo ukiambiwa "uchunguzi umeshafanyika", uliza: wa nani? Wa polisi, wa daktari, au wa hakimu? Na matokeo yake yameandikwa wapi?

Karibuni tujadili. Walioko mahakamani na hospitali mtusaidie pia.

*

Kamwene_Mafinga:
Kamwene mkuu, uzi umetulia. Mimi ni wa Mufindi na nina swali linalonikaa rohoni. Marehemu Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari, aliuawa Nyololo, kwetu hapa, tarehe 2 Septemba 2012, mchana kweupe, akiwa kazini na kalamu yake. Sikumbuki kusikia habari za korona. Tulinyimwa?

Mleta uzi:
Kamwene ndugu yangu. Kifo kile kiliuma mpaka huku Mbeya, na waandishi wa Iringa walikuwa wamempoteza mwenyekiti wao.

Sheria inavyokwenda, mtu akishashtakiwa njia inakuwa ya jinai. Askari mmoja alishtakiwa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu pale Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 15. Kwa hiyo mahakama ilikaa, mashahidi walisikilizwa, hukumu ikatoka.

Lakini naelewa kinachokukaa rohoni. Kesi ya jinai inamtazama mshtakiwa aliyesimama pale: alitenda au hakutenda. Haina kazi ya kumaliza maswali yote ya siku ile, nani alitoa amri gani na kwa nini watu walikuwa wamejipanga vile. Upana huo ndio uliomo kwenye inkwesti. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amefungwa, na bado watu wakabaki na maswali. Haya mambo mawili yanakaa pamoja.

Nesi_wa_Matema:
Naongezea upande wetu wa hospitali, maana tunalaumiwa kwa kuficha wakati mwingine hatuna cha kuficha.

Watu watofautishe kilichoua na namna kilivyotokea. Huku kwetu ziwani tunaletewa miili ya waliozama. Daktari akifungua mapafu na kuona dalili za kuzama, ataandika kuzama. Basi. Mapafu hayasemi kama mtu aliteleza kwenye mtumbwi, alisukumwa, au aliingia majini mwenyewe. Ndugu wanatukasirikia, "mmehongwa, mmeandika kuzama tu". Tumeandika tulichokiona. Namna kilivyotokea inatoka kwa mvuvi aliyekuwa naye, kwa mwenye mtumbwi, kwa aliyesikia ugomvi jioni ile. Hao hawalazwi kwetu wakapimwa. Hao wanatakiwa waitwe na mtu mwenye mamlaka ya kuwaita.

Jambo jingine ambalo nimelishuhudia: ndugu wana haraka ya kuzika, gari limekodishwa, wapishi wako nyumbani, wanakuja na karatasi wameandika "hatuna shaka na kifo hiki" ili mwili usifunguliwe. Wiki tatu baadaye shaka inawaingia wanarudi kwetu. Saa hiyo mwili uko ardhini.

Mleta uzi:
Dada, asante sana, hili la mapafu nitalitumia kwenye mikutano ya kijiji.

Na kuhusu karatasi ya "hatuna shaka": familia ikisema haina shaka, hiyo ni kauli ya familia. Kama mazingira ya kifo ni yale yanayoangukia kwenye sheria, dola ina wajibu wake hata ndugu wakiwa wamesamehe. Na shaka ikija baada ya mazishi, mlango haujafungwa. Mwili unaweza kufukuliwa, ila kwa amri halali. Msichukue majembe wenyewe. Mkifukua bila amri mmejiingiza kwenye kosa, na ushahidi mliokuwa mnautafuta mmeuharibu kwa mikono yenu.

Duara_la_Dhahabu:
Mimi niko Chunya machimboni. Duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, likifukia watu huku, tunavyojua sisi ni kuokoa, kutoa miili, kuchangishana na kusafirisha kwao. Mwenye duara anatoa rambirambi na jeneza, mambo yameisha. Mwenzetu mmoja tulimtoa saa tisa usiku, saa nne asubuhi alikuwa kwenye gari la kwenda kwao Njombe. Kumbe hapo tulikosea?

Mleta uzi:
Kaka, poleni sana. Kuokoa na kuchangishana si kosa, huo ni utu. Ila kifo kama hicho ni lazima kitolewe taarifa polisi au kwa kiongozi wa serikali wa karibu kabla mwili haujaondoka, na wajibu huo ni wa aliyeuona mwili au aliyejua, haumsubiri mwenye duara.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu duara linaanguka kwa sababu fulani. Matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo, yalikuwa yameoza? Maji yalikuwa yameanza kuonekana tangu juzi na watu wakaambiwa washuke hivyo hivyo? Haya yakiulizwa mbele ya hakimu na kuandikwa, atakayeshuka duara la jirani mwezi ujao anaweza kupona. Yakiishia kwenye rambirambi, anashuka bila kujua. Mkono wa rambirambi upokeeni, mjane anauhitaji. Usigeuke kuwa jibu la swali alikufaje.

Msomi_Soweto:
Samahani mkuu, nitapingana kidogo. Korona hawezi kumfunga mtu, umesema mwenyewe, wala hawezi kuamuru fidia. Sasa mama maskini apoteze nauli miezi sita kwa ajili ya karatasi? Si bora abanane na polisi mpaka mtu akamatwe?

Mleta uzi:
Mkuu, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Ni kweli mwenye mamlaka ya kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka, korona hana. Na nauli ni mzigo kweli, nimewaona wanaouza debe la mahindi ili wafike mjini.

Lakini tazama wenzetu. Kisumu, Agosti 2017, katika vurugu za uchaguzi wa Kenya, kichanga wa miezi 6, Samantha Pendo, alipigwa nyumbani kwao na akafa. Hakuna askari aliyekuwa tayari kumtaja mwenzake. Ilikuwa ni inkwesti, Februari 2019, iliyosema waziwazi kwamba polisi wanapaswa kuwajibika kwa kifo hicho. Bila kikao kile, habari ya mtoto yule ingebaki "uchunguzi unaendelea".

Na wa pili ni Ahmed Timol wa Afrika Kusini, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi aliyekuwa mahabusu. Oktoba 1971 alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya kituo cha polisi Johannesburg. Inkwesti ya 1972 ikasema alijiua. Unaona? Chombo hiki hiki kinaweza kutumika kufunika, sikatai. Familia haikukubali. Mwaka 2017 inkwesti ilifunguliwa upya na jaji akatamka kwamba hakujiua, aliuawa. Miaka 46 kasoro kidogo. Wazazi wake walikuwa wameshafariki. Ila ilifunguka kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za kupinga: majina ya mashahidi, maelezo ya daktari, mahali palipoandikwa uongo ukaonekana kuwa ni uongo. Ambapo hakuna kikao wala kumbukumbu, mjukuu atafungua nini?

Kuhusu kubanana na polisi, fanyeni vyote. Kimoja hakizuii kingine.

Ndaga_Fijo:
Ndaga fijo kwa elimu, baba. Mimi nimesoma yote kwa ajili ya kitu kimoja tu. Yule mama wa Rungwe aliishia wapi?

Mleta uzi:
Ugonile, binti yangu. Nilikuwa najiuliza kama niandike hili au niliache, kwa kuwa ni la kwake. Nimempigia simu jioni hii, amesema andika, usitaje jina langu wala kijiji.

Tuliandika barua mahakamani na nakala kituoni, tukitaja namba ya jalada, tarehe na mahali mwili ulipokutwa. Ilirudishwa mara moja kwa sababu karani aliielewa kama maombi ya nakala ya posti-motemu. Neno lile lile! Tukaandika upya, safari hii tukaanza na kifungu cha maneno: "tunaomba uchunguzi wa kifo wa kimahakama chini ya Sura ya 24". Ikapokelewa.

Hakimu alikaa siku mbili, wiki mbili zikiwa katikati. Mashahidi watano. Shahidi ambaye hakuna aliyemtegemea alikuwa fundi pikipiki, aliyeletewa ile pikipiki aitengeneze ili familia iiuze. Hakuna aliyekuwa amemwandika maelezo kabla. Alisema kioo cha kushoto kilikuwa kimekatika, na mshikio wa kushoto ulikuwa na rangi nyeupe iliyogandamana kwenye mpira. Pikipiki ilikuwa nyekundu na nyeusi. Alisema aliikwangua kwa bisibisi kwa sababu mteja asingeipenda.

Mama aliomba kuuliza, hakimu akamruhusu. Alisimama na khanga yake, akamuuliza fundi swali moja: "Ile rangi ulipoikwangua, ilitoka kirahisi au iling'ang'ania?" Fundi akasema iling'ang'ania, ilibidi atumie petroli. Chumba kizima kilikaa kimya. Daktari aliyekuja kueleza ripoti yake akaulizwa kama jeraha lile linaweza kulingana na mtu aliyerushwa na gari lililompitia upande wa kushoto. Akasema linaweza.

Hakimu aliandika kwamba marehemu alikufa kwa jeraha la kichwa baada ya kugongwa na gari jeupe au lenye rangi nyeupe, ambalo dereva wake hajafahamika, na akaelekeza jalada lirudi kwa wapelelezi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na uamuzi ule ulikuwa wa Kiswahili, kurasa nne. Siku ya kuchukua nakala nilinyoosha mkono nimsomee kama kawaida. Mama akanirudisha taratibu, akakaa kwenye ngazi za mahakama, akausoma mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Ilimchukua muda mrefu, watu wanatupita.

Alipomaliza akarudi kwenye ukurasa wa nne, akaweka kidole pale penye "hajafahamika", akaniuliza, "Hili maana yake wameacha kumtafuta, au bado wanamtafuta?"

Nikamwambia bado. Jumatatu hii tunakwenda naye kituoni kuulizia.